Maswali Yenu: Ni Kupona au Ni Kurudi?

Ukurasa huu hujibiwa na wauguzi wa kliniki ya saratani pamoja na mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Baada ya makala yetu kuhusu saratani ya matiti barua zimekuja nyingi, na ukizisoma moja baada ya nyingine unaona zinauliza jambo lile lile kwa maneno tofauti: hiki ninachokisikia mwilini ni cha kupona, au ugonjwa umerudi? Kliniki foleni ni ndefu na daktari ana dakika zake kumi. Tumechagua barua sita.

Nilitolewa ziwa la kushoto pamoja na tezi za kwapa wiki tano zilizopita. Upande wa ndani wa mkono umekufa ganzi, lakini nguo ikigusa pale naungua kama nimemwagiwa chai. Juzi nimeona kitu kama uzi wa gitaa chini ya ngozi, kutoka kwapani hadi kwenye kiwiko, nikinyoosha mkono kinavuta. Na usiku chuchu ambayo haipo inaniwasha. Je, nimeanza wazimu? – Msomaji, Umoja

Huna wazimu wowote, dada. Una mambo matatu yaliyokuja pamoja, na kila moja lina chanzo chake.

Tuanze na ganzi. Tezi za kwapa zimezama ndani ya mafuta, na katikati ya mafuta hayo hupita neva nyembamba inayoipa hisia ngozi ya upande wa ndani wa mkono. Daktari wa upasuaji akizitoa tezi, neva hiyo huvutwa, na mara nyingine hukatwa kwa kuwa imepita papo hapo. Ikiwa imevutwa tu, hujirekebisha polepole: neva huota takriban milimita moja kwa siku. Pima mwenyewe kutoka kwapani hadi kiwiko uone kwamba hesabu hiyo ni ya miezi. Ile shoti inayopiga ghafla, au mdudu unayehisi anatembea chini ya ngozi, mara nyingi ni neva inayoamka. Ikiwa ilikatwa, kiraka cha ganzi kitabaki, ingawa kwa kawaida hupungua ukubwa.

Kuungua nguo ikigusa ni upande wa pili wa ganzi hiyo hiyo. Neva iliyojeruhiwa hupiga kelele kwa jambo dogo. Dawa ya kwanza ni kuizoesha. Chukua pamba, anzia mahali pasipouma, ipitishe taratibu kuelekea panapouma, dakika mbili, mara tatu au nne kwa siku, lakini usipite juu ya kidonda ambacho hakijafunga. Siku pamba itakapokuwa si kitu, hamia kwenye leso kuukuu iliyofuliwa hadi ikalainika, kisha leso mpya ambayo bado ina ugumu wa dukani, kisha taulo. Kosa tunaloliona sana ni kinyume chake: mtu anaikinga sehemu hiyo isiguswe na chochote, na baada ya mwezi hata upepo wa dirisha la matatu unamchoma. Jua pia kwamba parasetamoli na ibuprofeni hazifiki mbali kwa maumivu ya neva. Yakipita miezi mitatu na bado yanakunyima usingizi, mwambie daktari hivyo hivyo, "ni maumivu ya kuungua na ya shoti," kwa sababu zipo dawa zake, kama amitriptilini na gabapentini, na hatakuandikia ukisema tu "naumwa mkono."

Uzi wa gitaa umeueleza vizuri kuliko vitabu vyetu. Hujitokeza zaidi kati ya wiki ya pili na ya nane baada ya tezi kutolewa, na inaelekea ni mishipa midogo ya limfu (majimaji ya mwili yanayopita kwenye tezi) iliyokauka na kukakamaa. Si saratani, wala si msuli uliokatika. Kinachoharibu mambo ni kuuogopa: ukiacha kunyoosha mkono kwa sababu unavuta, bega nalo linaganda, na sasa una matatizo mawili. Lala chali kwenye mkeka, nyoosha mkono pembeni kiganja kikitazama dari, kisha uteleze sakafuni kuelekea kichwani mpaka uzi uanze kuvuta. Simama hapo, pale unapovuta lakini bado hauumi. Hesabu pumzi tano ndefu, rudi. Rudia mara tano, asubuhi, mchana na jioni. Ukutani pia: simama ukiutazama ukuta, tembeza vidole kwenda juu, weka alama ya chaki pale ulipofika, kesho jaribu kuipita kwa upana wa kidole. Mtaalamu wa viungo anaweza kuukanda uzi kwa vidole, na nyuzi nyingi hulegea ndani ya miezi mitatu. Wakati mwingine husikika "tap" na mkono unaachia. Ikitokea yenyewe haina madhara, ila usimruhusu mtu auvute uzi kwa nguvu ili aukate.

Kuhusu chuchu: ubongo una ramani ya mwili, na ramani haifutwi siku ya upasuaji. Jikune mahali pale pale kifuani, au bonyeza kwa kiganja. Wengine hukuna lile ziwa jingine na muwasho unatulia.

Kinachopaswa kukurudisha hospitali kabla ya tarehe yako ni kidonda chenye joto, kinachonuka au kutoa usaha, homa, au uvimbe chini ya kovu unaocheza kama mfuko wa maji ukiubonyeza. Huo wa mwisho ni maji yaliyojikusanya baada ya mpira wa kutolea maji ya kidonda kuondolewa. Muuguzi huyavuta kwa sindano, na kwa kuwa pale pana ganzi, mara nyingi hutasikia kitu.

Nina kibanda cha mboga Githurai. Mwaka jana nilitolewa tezi 14. Shemeji ananiambia nisinyanyue kitu kwa mkono huo maisha yangu yote, la sivyo utavimba kama mguu wa matende. Nani atanibebea sukuma?

Shemeji hakuyatunga, mama. Ushauri huo ulitolewa hospitalini kwa miaka mingi. Baadaye utafiti ulionyesha kwamba wanawake wanaoongeza uzito wa vitu wanavyonyanyua hatua kwa hatua hawavimbi zaidi ya wale wanaoukalisha mkono bure, na mkono wenye nguvu unavumilia kazi zaidi. Tatizo ni kuruka kutoka sifuri hadi gunia. Anza na chupa ya maji ya nusu lita, kunja na kukunjua kiwiko mara kumi, siku tatu kwa wiki. Mkono usipokuwa mzito siku inayofuata, ongeza nusu kilo wiki ijayo. Jerikeni la lita 20 ni kilo 20, hakuna namna nyingine ya kulihesabu, kwa hiyo nunua mawili ya lita 5 na utembee mara mbili. Mkoba uwe wa bega lile jingine.

Hatari ya kuvimba ipo kweli. Tezi nyingi zikitolewa, karibu mwanamke mmoja kati ya watano hupata uvimbe wa mkono, na kwa waliotolewa moja au mbili tu za kupimwa hatari ni ndogo sana. Huweza kuanza hata miaka miwili au mitatu baadaye, na dalili za kwanza hutangulia macho: mkono unakuwa mzito jioni, pete inabana, mkono wa blauzi uliokuwa huru sasa umeshika. Kwa hiyo azima tepu ya fundi wa nguo. Mara moja kwa mwezi, asubuhi, pima mikono yote miwili: kifundo cha mkono, sentimita 10 chini ya kiwiko, na sentimita 10 juu yake. Andika. Tofauti ikiongezeka kwa sentimita 2 mahali popote, nenda kwa mtaalamu wa viungo akupimie soksi ya mkono. Usinunue ya kukisia barabarani, kwani inayobana juu kuliko chini huyafungia maji kiganjani.

Presha na sindano zitolewe mkono mwingine inapowezekana. Siku ya dharura hakuna wa kuuliza, watumie wowote. Linalotutia wasiwasi zaidi ni kisu cha sukuma na mvuke wa ugali. Kila mkato uoshe kwa sabuni, paka dawa ya vidonda, na ukiona mkono umepata joto, umeuma na kuiva rangi pamoja na homa, hiyo ni kazi ya antibayotiki siku hiyo hiyo, usingoje Jumatatu.

Mama yangu amemaliza mionzi ya 11 kati ya 15. Karatasi aliyopewa inasema ngozi itakuwa nyekundu. Yake haijawa nyekundu, imekuwa nyeusi tii, inang'aa, na chini ya ziwa imeanza kutoka maji. Jirani anamkanda kwa maji moto na shubiri. Je, mashine imemchoma kupita kiasi? – Binti, Kahawa West

Karatasi hiyo iliandikwa ikiwa na ngozi nyeupe akilini, na tunaomba hospitali zetu ziibadilishe. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani au huonekana kwa shida. Unachokiona ni ngozi kuzidi weusi au kuwa ya zambarau, kukaza na kung'aa, vinyweleo kujitokeza kama ngozi ya kuku aliyenyonyolewa, kisha kubanduka na kuacha madoa ya waridi. Kwa sababu hiyo mgonjwa mweusi anaweza kuulizwa "pamekuwa pekundu?" akajibu hapana, na kumbe ameungua. Mama asingoje kuulizwa. Kabla ya kulala mezani aseme: hapa pana joto, hapa panawasha, hapa pametoa maji.

Kwa kawaida wiki ya kwanza hupita bila kitu. Mabadiliko huanza wiki ya pili au ya tatu, na hapa ndipo wengi hushtuka: kilele huja wiki moja hadi mbili *baada ya* mionzi ya mwisho. Mtu amemaliza, ameagwa, na ngozi inazidi kuwa mbaya. Mionzi haifanyi kazi tena, ila seli zilizoguswa zinaendelea kufa kwa ratiba yake. Sehemu kubwa hufunga ndani ya wiki nne hivi, ingawa weusi hukaa miezi.

Kukanda kwa maji moto kukome leo. Ngozi ile tayari ina moto wake. Shubiri haijaonyeshwa kuzuia michomo hiyo, na ya kukatwa shambani huingiza vijidudu mahali palipochubuka. Poda na dawa ya zambarau vilevile hapana: hukausha juu, na muuguzi haoni tena kilichopo chini. Aoge kwa maji ya vuguvugu na sabuni isiyo na manukato, akaushe kwa kugusagusa. Losheni isiyo na harufu apake mara mbili kwa siku mahali palipokauka tu, si panapotoa maji, na isiwe nzito kabla ya kuingia kwenye mashine. Zile alama za wino asizisugue, ndizo zinazoelekeza mashine.

Chini ya ziwa na kwapani huharibika kwanza kwa sababu ngozi inasuguana na ngozi, kukiwa na jasho. Avue sidiria nyumbani, aweke kitambaa laini cha pamba kati ya ziwa na mbavu, akibadilishe kikilowa, na panapotoa maji aonyeshe kesho asubuhi ili afungwe bandeji isiyoganda kwenye kidonda. Iwe ni Hospitali ya Kenyatta au ile ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, muuguzi wa mionzi yupo kila siku ya matibabu. Asiruke siku ili ngozi ipumzike bila timu yake kuamua, kwa maana mapengo hupunguza nguvu ya tiba.

Wajukuu awabebe, hana mionzi mwilini. Kwa miezi na hata miaka ziwa hilo linaweza kupigwa mchomo mkali wa sekunde chache, kama sindano, ukapotea. Ni kawaida. Kikohozi kikavu pamoja na kuhema kwa shida, ndani ya miezi sita baada ya kumaliza, si kawaida: aseme kwamba alipigwa mionzi kifuani, maana kwenye zahanati ya mtaani huenda akatibiwa nimonia mara tatu mfululizo.

Mimi ni fundi cherehani. Baada ya dozi ya sita ya kemo ya kila wiki vidole vina sindanosindano, siwezi kutunga uzi kwenye sindano. Nikisema, wataisimamisha dawa? Na ile kemo ya kwanza ilinifanya nikojoe mkojo mwekundu, sikumwambia mtu. – Msomaji, Eastleigh

Mkojo kwanza, maana ni mfupi: ikiwa kemo hiyo ya kwanza ilikuwa doksorubisini, dawa yenyewe ni nyekundu na hutoka na rangi yake, siku moja au mbili. Ikiendelea baada ya hapo, au ikiwa na maumivu, pimwa.

Vidole sasa. Ikiwa kemo yako ya kila wiki ni paklitakseli, hiyo ni neva za vidole na nyayo kuathirika, na huanzia ncha kwa sababu neva za huko ndizo ndefu zaidi. Sema kabla ya dozi ya saba. Tunajua kwa nini watu hunyamaza: wanaona kupunguziwa dawa ni kupunguziwa uhai. Lakini daktari ana njia kadhaa kabla ya kusimamisha, kama kupunguza kipimo, kuahirisha wiki moja au kubadilisha dawa ya kundi hilo, na ganzi iliyoachwa ikomae inaweza kubaki, huku wewe unapata riziki kwa vidole hivyo. Pia hali inaweza kuendelea kuongezeka wiki kadhaa baada ya dozi ya mwisho kabla haijaanza kupungua.

Mpe daktari kipimo badala ya "zinanisumbua." Je, unaweza kufunga vifungo vya shati bila kutazama? Kuokota sarafu ya shilingi moja sakafuni? Ukifunga macho, unajua kandambili iko mguuni? Andika jibu kila Jumapili. Dawa yenye ushahidi kwa maumivu ya aina hii ni duloksetini, ila kama utaanzishwa tamoksifeni (kidonge cha kuzuia homoni isilishe saratani) wakumbushe, kwa kuwa baadhi ya dawa za msongo na za neva huipunguza tamoksifeni nguvu. Usijinunulie vitamini B6 nyingi. Ikizidi, yenyewe huumiza neva, jambo ambalo halisemwi kwenye duka la dawa.

Nyumbani: pima joto la maji kwa kiwiko, vaa viatu vilivyofunikwa, shika sufuria kwa kitambaa hata ukidhani imepoa, na pasi ya makaa mwachie mwingine kwa sasa.

Na kwa yeyote aliye kwenye kemo, nunua kipimajoto. Nyuzi 38 au zaidi ni hospitali usiku huo huo, hasa kati ya siku ya 7 na ya 14 ambapo kinga huwa chini kabisa kwa wanaopata dozi ya kila wiki tatu. Pima kabla ya kumeza parasetamoli, kwa sababu itashusha joto na kukuacha ukilala na maambukizi kwenye damu.

Nina miaka 58, nilimaliza matibabu miaka miwili iliyopita, sasa nameza letrozoli. Nikiamka vidole na magoti yamekakamaa kama mbao, mgongo nao unauma. Kila kitu kikiuma nalala nikihesabu watoto wangu. Nimeomba skani ya mwili mzima, daktari amekataa. – Mama, South B

Kukakamaa huko, mama, kuna sura ya letrozoli: pande zote mbili, asubuhi, na baada ya nusu saa ya kusogea kunaachia. Dawa hiyo hukausha estrojeni, homoni ya kike, na viungo huhisi pengo hilo. Kutembea kwa kasi nusu saa siku nyingi za wiki husaidia kuliko watu wanavyoamini. Isiposaidia, kuna dawa dada zake za kubadilisha. Kuiacha kimyakimya ndiko kubaya, na wengi huiacha. Uliza pia kipimo cha uzito wa mifupa.

Mgongo uuweke kwenye maswali matatu. Uko mahali pamoja unapoweza kupaonyesha kwa kidole, au unahama? Wiki hii ni zaidi ya wiki iliyopita? Unakuamsha usiku hata ukiwa umelala vizuri? Maumivu yanayohama na kupungua, subiri. Maumivu mapya ya mahali pamoja, yanayopanda na kuzidi wiki mbili, piga simu kliniki hata kama tarehe yako iko mbali. Ndivyo pia kwa kikohozi cha wiki tatu, kupungua uzito bila sababu, uvimbe mpya kwenye kovu au juu ya mtulinga, ule mfupa wa mbele kati ya shingo na bega. Mgongo pamoja na miguu kulegea, au mkojo kukushinda, ni dharura ya siku hiyo, uti wa mgongo unaweza kuwa umebanwa.

Skani: daktari wako yuko sahihi, ingawa angeweza kuketi na kukueleza. Kwa mtu asiye na dalili, kuskani mwili mzima hakujaonyeshwa kurefusha maisha, na mara nyingi huibua kivuli kisicho na maana kinachodai biopsi (kukatwa kipande kidogo cha kupimwa), gharama na miezi mingine ya kutolala. Unachopaswa kupata bila kuomba ni mamogramu, yaani eksirei ya ziwa, kila mwaka ya ziwa lililobaki, na kliniki kila miezi mitatu hadi sita kwa miaka mitatu ya mwanzo. Dalili ikiwepo, hapo mambo hubadilika, skani inakuwa haki yako.

Hofu ya usiku hatuwezi kuitolea tarehe. Waliotuandikia wanasema huzidi wiki ya kabla ya mamogramu na siku mtu waliyetibiwa naye anapozikwa. Weka daftari kando ya kitanda: tarehe, mahali, kiasi kati ya 0 na 10. Ukiamka saa tisa, andika, funga, na asubuhi usome kurasa za nyuma kuona kama namba zinapanda au zinashuka.

Ziwa bandia la dukani ni ghali. Nikiweka vitambaa sidiria inapanda upande mmoja hadi shingoni. Nifanyeje?

Inapanda kwa sababu pamba haina uzito. Mpaka kidonda kitimize wiki sita hadi nane, pamba tupu ndiyo inayofaa. Baada ya hapo shona kifuko cha kitambaa cha pamba chenye umbo la tone la maji, jaza pamba mbele, na nyuma, sehemu ya chini inayokaa mbavuni, tia kijifuko kidogo cha ulezi mkavu. Anza na vijiko vinne vya chakula. Vaa, inua mikono yote miwili mbele ya kioo. Upande huo ukipanda, ongeza kijiko kimoja, na mshipi wa bega ukichimba, punguza. Shonea mfuko ndani ya sidiria ili kisizunguke. Kijifuko cha ulezi kiwe cha kutolewa: ukifua mfuko nacho kikiwa ndani, ulezi utaota.